Mbwa anayenyonyesha na taji la miiba

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, sasa naishi Leicester, Uingereza, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Mwezi uliopita nilinunua mtandaoni sarafu kumi za Kirumi ambazo hazijasafishwa, pauni 25 zote. Tatu nikaziloweka kwenye siki na chumvi, kama bibi alivyokuwa akisafisha sinia za shaba. Moja imetoka rangi ya waridi: upande mmoja kichwa chenye kofia ya chuma, upande wa pili mbwa ananyonyesha watoto wawili, chini yake herufi TRS. Ya pili ina mtu mwenye taji kama la miiba, nyuma yake swala. Ya tatu imelika yote. Je, ni za kweli au nimepigwa? Zina thamani gani? Na mtu wa kipato changu akitaka kukusanya sarafu hizi na kuelewa historia yake, aanzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa, chupa ya siki irudi jikoni. Zile saba zilizobaki usiziguse mpaka umalize kusoma.

Hujapigwa. Sarafu ya pauni mbili na nusu haimlipi mtu kuighushi. Mwenye kazi hiyo hughushi dhahabu au fedha nzuri, si kipande cha shaba chenye udongo. Mafungu kama lako kwa kawaida ni sarafu za kweli zilizochakaa, baada ya aliyezichimba kuchambua nzuri na kuziuza kando. Lililokupata ni lingine: umesafisha mpaka ukafuta nusu ya ulichonunua.

Shaba ikikaa ardhini miaka elfu moja na mia saba hujivika ngozi ngumu, ya kijani, ya kahawia au nyeusi. Ngozi hiyo si uchafu. Mara nyingi pua ya Kaisari, mikunjo ya joho lake na herufi za pembeni zimo ndani ya ngozi hiyohiyo, kwa sababu shaba iliyokuwa chini yake imeshalika zamani. Siki inaila ngozi, na ikiimaliza unabaki na shaba tupu ya waridi yenye vishimo, kama uso uliobabuka. Chumvi ni balaa kubwa zaidi. Inajipenyeza kwenye vitundu vya shaba, na siku hewa ikiwa na unyevu huanza kuota unga wa kijani mpauko, laini kama poda ya mtoto. Wakusanyaji huuita ugonjwa wa shaba. Hauponi wenyewe, na sarafu inaweza kuishia kuwa vumbi.

Kwa hiyo usiku wa leo kabla hujaenda kazini, chukua zile mbili zilizonusurika uzitie kwenye bakuli la kioo lenye maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi na betri, si ya bomba. Badilisha maji kila siku mbili tatu kwa muda wa mwezi mzima, ili chumvi itoke. Kisha zikaushe vizuri, zihifadhi mahali pakavu pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ukiona unga wa kijani unarudi, tenga sarafu hiyo na wenzake.

Sasa tuje kwa mbwa wako. Hukukosea sana, maana Kiswahili chetu kinamwita mbwa mwitu. Huyo ni jike la mbwa mwitu aliyewanyonyesha mapacha Romulus na Remus, ambao Warumi walisimulia kwamba walitupwa mtoni wakiwa wachanga, na Romulus akaja kuujenga mji wa Roma. Kichwa chenye kofia ya chuma nacho si cha Kaisari yeyote. Ni cha mwanamke, ndiye Roma mwenyewe, mji uliopewa sura ya mtu. Ukipinda taa ya mezani iangaze kutoka ubavuni utasoma pembeni VRBS ROMA, yaani jiji la Roma. V ni U. Hawakuwa na herufi mbili tofauti.

Jambo la ajabu ni kwamba sarafu ile haina jina la mtawala popote, na ilitolewa na mtawala aliyependa sana jina lake, Constantine. Tarehe 11 Mei mwaka 330 alizindua mji mkuu mpya mahali palipoitwa Byzantium, ukaitwa Constantinopolis, ndio Istanbul ya leo. Roma ya zamani ikanuna. Akatoa sarafu mbili zinazofanana kwa ukubwa na uzito: moja ya Roma na mbwa mwitu wake, nyingine ya Constantinopolis na mungu wa ushindi amesimama kwenye omo ya merikebu. Ni kama mume aliyeoa mke wa pili, halafu anarudi nyumbani na doti mbili za kanga zenye urembo mmoja ili pasiwe na maneno. Kwamba mke mkubwa aliridhika, sarafu haisemi.

Hizo herufi TRS ndizo zinazonipa mimi raha kuliko mbwa. TR ni Treveri, mji wa Trier ulioko Ujerumani, ambao wakati huo ulikuwa na kiwanda kikubwa cha sarafu. S ni *secunda*, karakana ya pili. Ingekuwa P ingekuwa ya kwanza. Sarafu zikitoka pungufu, mkubwa alijua aende kumkamata msimamizi gani. Kwa hiyo kipande chako cha waridi kina anwani kamili: mji, karakana, na miaka michache tu ya kukisia. Noti iliyoko mfukoni mwako haikwambii mengi kiasi hicho.

Thamani? Ingekuwa na ngozi yake, pauni 15 hadi 25. Sasa hivi labda pauni tatu, na mnunuzi atakuwa mtu mwenye huruma. Usiiuze. Iweke uwe unaiangalia kila siki inapokujia mawazoni.

Ya swala ndiyo iliyoniumiza.

Lile si taji la miiba, ni miali ya jua. Kwenye sarafu za Kirumi taji la miali lilikuwa alama ya kuzidisha mara mbili: ukiona kichwa chenye miali, hesabu thamani maradufu ya ile ndogo yake. Na swala yule nadhani namjua. Kama pembeni mwa kichwa kuna GALLIENVS AVG na kuzunguka swala kuna DIANAE CONS AVG, basi ni mmoja wa wanyama wa Kaisari Gallienus. Mwaka 267 na 268, alipokuwa amezingirwa na maadui kila upande, kiwanda cha Roma kilitoa mfululizo wa sarafu za kuomba ulinzi wa miungu, kila mungu na mnyama wake: chui wa Liber, mungu wa mvinyo, farasi mwenye mabawa wa Jua, farasi mwenye mkia wa samaki wa Neptune, mungu wa bahari, na swala na paa wa Diana, mungu wa mawindo. Maneno yale maana yake ni "kwa Diana, mlinzi wa Kaisari". Diana hakulinda. Mwaka huohuo wa 268 Gallienus aliuawa na maofisa wake mwenyewe nje ya mji wa Milan.

Kwa nini imeniuma? Sisi kwa Kiswahili tuna bahati moja: neno fedha lina maana mbili. Fedha ni pesa, na fedha ni ile madini nyeupe ya sonara. Historia yote ya sarafu za makaisari unaweza kuisimulia kwa sentensi moja: fedha ilivyotoka kidogokidogo ndani ya fedha. Swala wako yuko mwisho kabisa wa safari hiyo.

Ilianza vizuri. Dinari ya Augusto, Kaisari wa kwanza, ilikuwa karibu fedha tupu, uzito wake kama gramu 3.9. Ishirini na tano kati ya hizo zilikuwa sawa na sarafu moja ya dhahabu, aureus, na kila moja ilivunjwa kuwa sesterti nne za shaba ya manjano. Mwaka 64, mwaka uleule Roma ilipoungua, Nero aliipunguza dinari uzito na kuitia shaba zaidi. Waliomfuata wakapandisha kidogo, wakashusha zaidi. Kisha mwaka 193 akaja mtu ambaye msomaji wa Kiafrika hana budi kumjua, Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo.

Inasimuliwa kwamba lafudhi ya kwao haikumtoka mpaka uzeeni, na kwamba dada yake alipokuja Roma akawa hajui Kilatini sawasawa, yeye akaona haya akamrudisha nyumbani na zawadi. Nani kati yetu tuliowahi kuishi ugenini hamjui mtu wa namna hiyo? Severus aliingia madarakani baada ya walinzi wa ikulu kuuza ufalme kwa mnada, naam, kwa mnada, kwa tajiri aliyewaahidi sesterti 25,000 kila mmoja. Somo alilielewa: askari ndio wenye nchi. Akawapandishia mishahara, na ili mishahara itoshe akashusha fedha ndani ya dinari hadi karibu nusu. Alipokuwa akifa, mwandishi Cassius Dio anasema, aliwausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari, na wengine wote wasiwajali. Alifia Eboracum, mwezi Februari mwaka 211. Eboracum ni York, saa chache tu kutoka hapo ulipo. Wosia wa kwanza ulivunjwa kabla mwaka haujaisha: mkubwa, Caracalla, alimuua mdogo wake Geta, kisha akaamuru jina na sura yake vifutwe kila mahali. Zipo sarafu za mji wa Stratonikeia, katika Uturuki ya leo, ambamo ndugu hao wawili waliwekwa wakitazamana, na upande wa Geta umechongwa kwa patasi ukabaki uwazi. Wosia wa pili Caracalla aliushika sana. Mwaka 215 alitoa sarafu mpya yenye taji la miali. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba ilihesabiwa kuwa dinari mbili, lakini ndani yake mlikuwa na fedha ya dinari moja na nusu tu.

Huo ndio ukoo wa sarafu yako ya swala. Ilipofika kwa Gallienus, miaka hamsini baadaye, fedha ilikuwa chini ya sehemu tano katika mia. Kilichobaki ni shaba. Lakini mafundi hawakuitoa ikiwa na rangi ya shaba. Walikichovya kipande kwenye kitu kikali kilichoiondoa shaba ya juu, ikabaki ngozi nyembamba mno ya fedha, nyembamba kuliko karatasi, ndipo wakakigonga muhuri. Ikitoka kiwandani inang'aa kama dinari ya babu. Baada ya miezi michache ya kupita mikononi, rangi nyekundu inachungulia kwenye pua ya Kaisari.

Ngozi hiyo ndiyo ushahidi wa udanganyifu wenyewe, na kwenye sarafu nyingi bado ipo, imejificha kwenye mikunjo na kati ya herufi. Wewe umeiosha kwa siki. Ukiishika sarafu ile sasa hivi unaona shaba tu, na mtu hawezi tena kuona jinsi serikali ilivyoivika shaba joho la fedha.

Watu wa zamani hawakuwa wajinga. Kuna karatasi ya mafunjo iliyookotwa Oxyrhynchus, Misri, ya mwaka 260, ambayo ndani yake ofisa wa serikali analalamika kwamba wenye mabenki ya kubadilisha fedha wamefunga milango kwa kukataa kupokea sarafu za Kaisari. Anawaamuru wafungue, wapokee kila sarafu isipokuwa iliyoghushiwa, na asiyetii ataadhibiwa. Wasomaji wetu waliokuwa Zaire mwezi Januari 1993 watatabasamu kwa uchungu hapa, maana wanakumbuka askari walivyolipwa kwa noti za zaire milioni tano, wafanyabiashara wakazikataa, na ghasia zilizofuata mitaani. Serikali inaweza kuamuru noti ipokewe; haiwezi kumwamuru mwenye duka aamini.

Yaliyofuata Roma nayapitia haraka. Kaisari Aurelian alijaribu kurekebisha mwaka 274, Kaisari Diocletian akabadilisha mfumo wote na mwaka 301 akapanga bei za kila kitu kwa amri, isifanye kazi. Constantine ndiye aliyefaulu, kwa kuachana na fedha na kushika dhahabu: alitoa solidus, 72 kwa ratili moja ya Kirumi, na uzito huo haukuguswa kwa karne nyingi. Waarabu walipoanza kupiga dhahabu yao waliichukulia hapo, na jina wakaliita *dinar*, kutoka *denarius*. Ndiyo maana katika Biblia ya Kiswahili vibarua wa shamba la mizabibu wanapatana dinari kwa siku, na ndiyo maana Yesu anapoomba aonyeshwe pesa ya kodi analetewa dinari, anauliza sura na maandishi ni ya nani. Na *fulusi*, neno la wazee na la washairi wetu? Limetoka kwenye *fals* ya Kiarabu, na *fals* ikatoka kwenye *follis*, jina la sarafu ya shaba ya Kirumi. Ulikuwa na sarafu za Roma mdomoni siku zote, mwanangu, hata kabla hujanunua hizo kumi.

Nisikilize sasa kuhusu pa kuanzia. Ungeniuliza kabla, ningekwambia usinunue fungu lisilosafishwa. Si kwa ajili ya pesa tu. Sarafu hizo nyingi huchimbwa usiku kwa vifaa vya kutambua chuma huko nchi za Balkan, bila kibali, bila mtu kuandika zilikuwa wapi na zilikuwa na nini. Badala ya kumi kwa pauni 25, weka akiba miezi miwili ununue moja, iliyokwisha kutambuliwa, kwa muuzaji anayekupa risiti na kukwambia imetoka kwenye mkusanyo wa nani. Na kama ningechagua mimi, ya kwanza kwako ingekuwa dinari ya Septimius Severus. Zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo ya kawaida inayosomeka vizuri hupatikana kwa pauni 30 hadi 60. Mwafrika, aliyefia York, aliyeishusha fedha ndani ya fedha hadi karibu nusu: kwa mtu wa Tanga anayeishi Leicester sijui kama kuna nyingine inayokufaa zaidi.

Ukipata ile ya miaka yake ya mwisho utaona maandishi haya: SEVERVS PIVS AVG BRIT. Jina lake, *Pius*, mcha miungu, *Augustus*, ndicho cheo chenyewe cha Kaisari, na *Britannicus*, mshindi wa Britania, sifa aliyojipa kwa vita vya huko Uskoti ambavyo hakuvimaliza. Jifunze vifupisho vichache tu utasoma mamia ya sarafu: IMP ni amiri jeshi, COS ni konsuli, cheo cha juu cha serikali, P M ni kuhani mkuu, TR P ni mamlaka ya tribuni, yaani mtetezi wa raia, ambayo yalihesabiwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo TR P ikifuatwa na namba inakupa tarehe. Baada ya hapo fungua OCRE, orodha ya bure mtandaoni ya American Numismatic Society ya New York. Unaandika herufi unazoziona, inakuletea aina zote zenye herufi hizo pamoja na picha. Nimeona watu wakikesha humo kama wanavyokesha kwenye mpira.

Nunua pia mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu za gramu. Nitakwambia kwa nini. Miaka mingi iliyopita, katika mji mmoja wenye magofu na watalii, kijana mmoja sokoni alinifungulia leso, ndani yake dinari ya Nero. Nzuri. Nikajifanya sina haraka, tukapatana, nikalipa mshahara wa wiki mbili. Hotelini nikaitazama ukingoni kwa kioo cha kukuzia: mstari mwembamba umeizunguka sarafu nzima, kama mshono wa chupa ya plastiki. Sarafu ya Kirumi haimiminwi kwenye kalibu ikawa na mshono. Kipande chenye moto kiliwekwa katikati ya mihuri miwili, kikagongwa nyundo, ndiyo maana ukingo wake huwa na nyufa na picha mara nyingi imekaa upande. Yangu uso wake ulikuwa laini laini, kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika, wenye vishimo vya mapovu. Niliporudi nyumbani nikaipima: gramu 2.6. Ilipaswa kuwa zaidi ya 3. Bado ninayo, naitumia kufundishia.

Waghushi hodari hawaachi mshono. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri yake mwenyewe kwa ustadi hata makumbusho yakanunua kazi zake. Ili sarafu mpya zionekane kongwe alizitia kwenye sanduku pamoja na unga wa chuma na mafuta, akalifunga chini ya gari lake la farasi, akaenda nalo matembezi ya barabara mbovu. Kwa watu kama hao kinga si mizani, ni muuzaji anayejulikana na anayekubali kurudisha pesa.

Jambo la karatasi za umiliki usilione dogo. Mwaka 2020 sarafu moja ya dhahabu ya Brutus, ile yenye visu viwili na maneno EID MAR, yaani katikati ya Machi, siku ya mauaji, ya kujisifia kwamba amemuua Julius Caesar, iliuzwa London kwa zaidi ya dola milioni 4. Miaka miwili na ushee baadaye ikabainika kwamba historia yake ya umiliki ilikuwa ya kubuni, mkuu wa mnada ule akakamatwa New York, na mwezi Machi 2023 sarafu ikarudishwa Ugiriki. Mamilioni yote yale, na mnunuzi akabaki bila sarafu.

Na kwa kuwa upo Uingereza, mji wako wenyewe ukiwa wa Kirumi, Ratae ya zamani, ipo siku rafiki atakualika mkatembeze kifaa cha kutambua chuma shambani. Huendi bila ruhusa ya mwenye shamba. Mkipata sarafu mbili au zaidi za fedha au dhahabu pamoja, au kumi za shaba, za zaidi ya miaka 300, sheria ya mwaka 1996 inawataka mtoe taarifa ndani ya siku 14. Mwezi Aprili 2010 mpishi mmoja wa hospitali alikuwa akitafuta hivyo shambani karibu na Frome, akafikia mdomo wa chungu. Akafanya jambo gumu kuliko yote: akaacha kuchimba, akaita wataalamu. Chungu kilikuwa na sarafu 52,503. Kwa kuwa zilitolewa tabaka kwa tabaka, ilionekana kwamba za mwisho kutengenezwa, za Carausius, yule jemadari aliyejitangaza Kaisari wa Britania mwaka 286, nyingi zilikuwa chini, si juu, zimefunikwa na zilizo kongwe kuliko hizo. Maana yake chungu hakikujazwa kama kibubu, mwaka baada ya mwaka. Kilijazwa kwa mkupuo. Angechota kwa mikono tusingejua hilo kamwe.

Najua utaniuliza, kwa hiyo nakujibu kabisa: vipi pwani yetu? Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza unaitaja Azania na bandari ya Rhapta, na unaorodhesha walichopeleka: mikuki, mashoka, visu, vitu vya kioo. Walichotoa ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Sarafu hazimo. Sarafu zilikwenda India, na huko kusini yamefukuliwa marundo ya dinari za Augusto na Tiberio. Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne hiyohiyo, alinung'unika kwamba India, China na Arabia zinaigharimu Roma sesterti milioni 100 kila mwaka. Kwenye mwambao wetu zimeripotiwa sarafu za Kirumi mara kadhaa, lakini nyingi zililetwa na mtu mkononi, hazikutoka kwenye tabaka la uchimbaji, na mabaharia na watalii nao huangusha vitu. Mtu akikwambia ana sarafu ya Nero iliyochimbwa Kilwa, mwulize nani aliichimba na ripoti iko wapi. Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe za shaba, nzuri, na ukizichoka za Roma njoo tuzungumzie hizo.

Zimebaki zile saba. Ziloweke kwenye maji yaliyokenekwa, kila moja kwenye kikombe chake, badilisha maji, subiri. Wiki, pengine miezi. Udongo ukilainika utoe kwa kijiti cha meno na mswaki laini, taa ikiwa ubavuni, na ukifika kwenye ngozi ngumu simama hapo hapo hata kama huoni kitu. Kwa jinsi sarafu hizi zilivyo, natarajia moja au mbili zitakuwa za askari wawili waliosimama na mikuki, na maneno GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Hizo ni za Constantine na wanawe. Katikati ya askari wale kuna bendera za kikosi. Kabla ya mwaka 335 hivi zilikuwa mbili, na sarafu ilikuwa na uzito wa karibu gramu 2.5. Kisha sarafu ikapunguzwa hadi kama gramu 1.7, nafasi ikawa finyu, bendera ikabaki moja. Hesabu bendera zako, kisha uipime, uniandikie.